Heinrich Hertz: Mjerumani Aliyemo Ndani ya Kila Waifai ya Malimbe

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Muhula uliopita nilinunua laptopu ya mtumba pale mjini Mwanza kwa sehemu ya bumu langu. Ilikuwa nzito ajabu, unaiwasha, unaenda kunywa chai, unarudi bado inajifikiria. Mwenzangu mmoja wa hosteli akanishauri niifute yote na kuweka Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma ndani na kuurekebisha. Nikaweka. Laptopu ikawa nyepesi kama mpya. Kasoro ilikuwa moja tu: waifai haikuwepo. Yaani hata ile alama yake pale juu haikuonekana. Wenzangu wanapakua notsi, mimi nazunguka vyumbani na flashi mkononi kama mchuuzi wa dagaa.

Nilihangaika usiku wa siku tatu. Usiku wa tatu kadi ikaamka. Nikaandika amri ya kuiuliza hali yake, na kwenye lile dirisha jeusi ikatokea mistari kadhaa. Mmoja ulisema kwamba kadi inafanya kazi kwenye masafa ya 2.437 GHz. Nilikuwa nimechoka na nataka kulala, ila zile herufi mbili za mwisho zikanishika. Mimi nasoma ualimu, masomo yangu ni fizikia na hisabati. Hz nimeiandika tangu sekondari kwenye kila swali la mawimbi na nikapata maksi zangu, lakini sikuwahi kujua mwenye jina lile alikuwa nani. Muda si mrefu nitakuwa mbele ya darasa. Mtoto akiniuliza nitamjibu nini? Basi nikaanza kumtafuta mtu huyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Heinrich Rudolf Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857 katika jiji la bandari la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake, Gustav, alikuwa mwanasheria na baadaye akawa seneta wa jiji hilo. Ukoo wa baba ulikuwa wa Kiyahudi ulioingia Ukristo. Mama yake, Anna Elisabeth, alikuwa binti wa daktari. Heinrich alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Kwa hiyo hatuzungumzii mtoto wa dhiki. Shuleni alikuwa hodari wa lugha, hadi Kiarabu alijifunza, na wakati huohuo mikono yake haikutulia. Alijifunza useremala na kukereza mbao na chuma kwa fundi. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye yule fundi aliposikia kijana wake amekuwa profesa alisikitika sana, maana aliona dunia imepoteza mkerezaji mzuri. Nilicheka niliposoma habari hiyo. Lakini ukifuata maisha yake utaona kwamba ufundi ule haukupotea. Alipokuwa profesa, vifaa vingi vya majaribio yake alivitengeneza mwenyewe.

Alipomaliza shule mwaka 1875 alianza na uhandisi. Alikaa Frankfurt kwa mafunzo ya vitendo, akaenda kusoma Dresden, akatumikia jeshi mwaka mmoja mjini Berlin, kisha mwaka 1877 akafika Munich ili aendelee na uhandisi wake. Hapo ndipo moyo ulipogoma. Akaandika barua nyumbani kumwomba baba yake ruhusa ya kuacha uhandisi na kusoma sayansi. Hebu fikiria barua hiyo. Miaka miwili imeshapita, mzee ameshatoa fedha, na wewe unataka kuacha kazi yenye mshahara wa uhakika uende kwenye elimu ambayo hata hujui itakulisha vipi. Wapo humu kampasini waliowahi kupiga simu nyumbani kusema wanabadili kozi, wanajua mkono unavyotetemeka. Baba alikubali.

Mwaka 1878 alihamia Berlin, akawa mwanafunzi wa Hermann von Helmholtz, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa wakati ule. Mwanzoni mwa 1880, akikaribia miaka 23, alikuwa tayari ana shahada ya uzamivu.

Sasa hapo katikati kuna jambo ambalo naomba mlishike. Wakati ule kulikuwa na nadharia moja iliyowagawa wanasayansi. Mskochi James Clerk Maxwell alikuwa ameandika, miaka ya 1860, kwamba umeme na sumaku vinaweza kusafiri pamoja angani kama mawimbi, kwa kasi ileile ya mwanga, na kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya aina hiyo. Hesabu zilikaa vizuri. Ila hakuna aliyekuwa amewahi kutengeneza mawimbi hayo kwa umeme na kuyaonesha. Maxwell alikufa mwaka 1879 bila kuona uthibitisho. Mwaka huohuo Akademia ya Sayansi ya Berlin ilitangaza tuzo kwa atakayefanya jaribio linalohusu suala hilo, na Helmholtz akamshauri Hertz ajaribu. Hertz akakaa chini, akapiga hesabu, akaona kwamba kwa vifaa vilivyokuwepo athari anayoitafuta ingekuwa ndogo mno kupimika. Akakataa.

Sisi tungemwita mwoga. Mimi naona alikuwa mkweli. Hakujifanya anaweza, lakini pia hakulifuta swali kichwani. Alitembea nalo miaka saba.

Mwaka 1883 alikwenda kufundisha Kiel, mahali ambapo hakuwa na maabara ya maana, kwa hiyo akatumia muda wake kuzichambua hesabu za Maxwell kwa karatasi na kalamu. Mwaka 1885 akapata uprofesa katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Mwaka 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake wa chuo hicho. Na vuli ya mwaka huohuo, akiwa na koili mbili za kufundishia, aliona kitu. Alipopitisha umeme wa ghafla kwenye koili moja, cheche ilitokea kwenye ya pili ambayo haikuunganishwa nayo. Wengine wangesema ni kasoro ya kifaa, waendelee na kipindi. Yeye alikumbuka swali la miaka saba.

Kifaa alichokuja kutengeneza, mwanafunzi wa sekondari anaweza kukielewa. Alichukua waya wa shaba ulionyooka, akaukata katikati ukabaki mwanya mdogo, na kwenye ncha za nje akaweka matufe makubwa ya zinki. Akiusukumia umeme wenye nguvu, cheche inaruka kwenye mwanya na umeme unayumba mbele na nyuma kwa kasi kubwa mno. Huyo ndiye mtumaji. Mpokeaji alikuwa waya uliokunjwa kuwa duara, nao una mwanya, ila huu ni mdogo kiasi cha kurekebishwa kwa skrubu. Hauna betri, haujaunganishwa na chochote. Ukiusimamisha mbali na mtumaji, kwenye giza, na ukaona kacheche kanaruka kwenye mwanya, basi kuna kitu kimepita hewani. Profesa mzima alikaa gizani akisubiri macho yazoee, akikodolea kacheche kasikofikia hata milimita moja.

Mwaka 1888 alihamishia kazi kwenye ukumbi wa mihadhara wa fizikia. Ulikuwa na urefu wa mita 15 hivi na upana wa mita 14. Ukutani aliweka bati la zinki la mita 4 kwa 2 ili mawimbi yagonge na kurudi. Yanaporudi yanakutana na yanayokwenda, na ukitembeza ile duara ukumbini, mahali fulani cheche inakuwa kubwa, mahali fulani inapotea kabisa. Kwa kupima umbali kati ya sehemu hizo unapata urefu wa wimbi. Lakini ukumbi wenyewe ulimsumbua. Kulikuwa na safu mbili za nguzo za chuma, nazo zilizuia mawimbi karibu sawa na ukuta. Ikabidi sehemu za nje ya nguzo asizihesabu. Ikabidi pia mabomba na taa za gesi zilizoning'inia katikati ziondolewe.

Ndugu zangu, niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Ni nani kati yetu hajui kwamba waifai inashika ukiwa kwenye korido na inakata ukifunga mlango wa chuma wa chumba chako? Au kwamba chini ya mabati unasimama dirishani ndipo upate mtandao? Nguzo za Karlsruhe na mageti yetu ni habari moja. Yeye hata aligundua kinyume chake, kwamba mlango wa mbao hauyazuii. Aliufunga, akaona cheche zinaendelea upande wa pili.

Baadaye mwaka huohuo alitengeneza vioo vikubwa vya bati la zinki lililopindwa, akayaelekeza mawimbi kama mtu anavyoelekeza mwanga wa tochi. Alitengeneza prizimu ya lami yenye uzito wa zaidi ya nusu tani, akaona mawimbi yanapinda yakipita ndani yake, sawasawa na mwanga unavyopinda kwenye kioo. Hapo ubishi ukaisha. Mawimbi ya Maxwell yapo kweli. Yale ya mwisho ya Hertz yalikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi. Haya ya waifai yangu yana sentimita 12. Ni ndugu wa damu.

Katika kipindi hichohicho alipata mtoto wake wa kwanza, Johanna, mwaka 1887, na pia akagundua kwamba cheche zake zinaruka kwa urahisi zaidi zikimulikwa na mwanga wa urujuanimno. Hakujua sababu. Aliandika alichokiona, akakiacha wazi. Miaka 18 baadaye Albert Einstein alieleza tabia hiyo ya mwanga kung'oa umeme kwenye metali, na kwa maelezo hayo akapewa Tuzo ya Nobel.

Je, Hertz alijua amefungua nini? Hapana. Mwishoni mwa 1889 mhandisi mmoja wa Munich alimwandikia kumuuliza kama mawimbi hayo yanaweza kubeba simu. Hertz alimjibu kwa hesabu kwamba mitetemo ya simu ni ya polepole mno, wimbi lake lingekuwa na urefu wa kilomita 300, na kioo cha kulielekeza kingetakiwa kiwe kikubwa kama bara zima. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila njia ya kupandisha sauti juu ya mawimbi ya kasi zaidi ilikuwa bado haijafikiriwa. Mtu aliyeshika mlango mkononi hakuona chumba kilichokuwa nyuma yake.

Lakini jambo moja alilifanya vizuri kuliko wengi, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Hakuficha kitu. Hakuchukua hataza kwa ugunduzi wake. Makala zake zilieleza vipimo vya waya, vya matufe, vya bati na vya ukumbi, kiasi kwamba mtu wa nchi nyingine aliweza kurudia. Na waliporudia wakamkuta na makosa. Mfaransa Henri Poincaré alionesha kwamba kuna kosa kwenye hesabu yake ya mitetemo. Pia vipimo vyake vya mwanzo vilikuwa vimeonesha kwamba mawimbi kwenye waya yanakwenda polepole kuliko ya hewani, jambo ambalo wengine, kwenye ukumbi mkubwa zaidi, walikuja kuonesha kwamba si kweli. Mwaka 1892 Hertz alizikusanya makala zake kuwa kitabu. Angeweza kuzisafisha kimyakimya. Aliziacha kama zilivyokuwa, akaandika utangulizi na maelezo ya kuonesha alipokosea na aliyemsahihisha.

Mwaka huo wa 1892 ndio pia afya ilianza kumwacha. Tangu 1889 alikuwa profesa Bonn, medali zinakuja, binti wa pili, Mathilde, amezaliwa 1891. Yakaanza maumivu makali ya kichwa, pua na koo, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja bila kupona. Aliendelea kuandika kitabu chake cha mwisho kuhusu misingi ya mekanika, na mwanzoni mwa Desemba 1893 bado alikuwa anafundisha. Tarehe 1 Januari 1894 alifariki, hajafikisha miaka 37. Alizikwa kwao Hamburg. Kitabu kilitoka baada ya mwenyewe kuondoka. Mjane wake na mabinti zake walikuja kuhamia Uingereza miaka ya 1930, pale utawala wa Hitler ulipoanza kuhesabu damu ya Kiyahudi ya kila ukoo.

Kiangazi cha 1894 kijana wa Italia mwenye miaka 20, Guglielmo Marconi, alisoma habari za kazi ya Hertz zilizoandikwa kufuatia kifo chake. Akaanza kujaribu nyumbani kwao, karibu na Bologna. Mwaka 1896 aliomba hataza Uingereza, na mwaka 1901 alama zake za simu zikavuka Bahari ya Atlantiki. Huku kwetu kitu hicho kiliitwa simu ya upepo, na hakikuchelewa kufika. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa wameshajenga vituo vya simu ya upepo hapa Mwanza na kule Bukoba. Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa, wakaivamia Bukoba, na mnara ule ulikuwa shabaha yao kubwa. Waliuangusha. Miaka 27 tu baada ya mtu kukodolea cheche gizani Karlsruhe, watu walikuwa wanakufa kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria kwa ajili ya mawimbi yake. Tukienda kupiga picha pale Jiwe la Bismarck tunakumbuka jina moja la Kijerumani. Hili jingine tunalibeba mfukoni bila kulijua. Jina lake lilipendekezwa rasmi kuwa kipimo cha masafa mwaka 1930, na mwaka 1960 likakubaliwa duniani kote.

Nirudi kwenye laptopu yangu, maana najua kuna watu wanasubiri hapo tu. Nilianza na amri ya rfkill kuhakikisha kadi haijazimwa kwa kitufe. Haikuwa imezimwa. Nikatumia lspci kuona kama mfumo unaitambua. Unaitambua. Nikasoma kumbukumbu za mfumo kwa dmesg, na hapo ndipo nikaona: kadi ilikuwa inadai programu dhibiti, faili dogo ambalo lazima lipakiwe ndani yake kila inapowashwa, na faili hilo halikuwemo kwenye laptopu. Ili nilipate nahitaji intaneti, na intaneti ndiyo sina. Dawa ilikuwa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kugawa bando kutoka kwenye simu. Nikashusha kifurushi cha programu dhibiti, nikazima, nikawasha. Basi.

Dawa hiyo sikuivumbua mimi. Iliandikwa na mtu nisiyemjua, mwenye kadi kama yangu, na aliandika hata njia tatu alizojaribu zikashindikana. Zile tatu ndizo zilizoniokoa, kwa sababu mbili nilikuwa nimeshaanza kuzifanya. Linux yenyewe ilianza hivyohivyo mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Ufini, alipoweka kazi yake wazi watu waione na kuirekebisha. Kuna kadi ambazo watengenezaji wake hawakutoa maelezo yoyote, ikabidi watu wa kujitolea wachunguze tabia zake hatua kwa hatua hadi wakaziandikia kiendeshi. Hata hapa nchini, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa sababu chanzo kilikuwa wazi.

Sasa ukweli wenyewe. Habari zilipoenea hosteli kwamba laptopu yangu imepona, walikuja wanne wenye tatizo hilohilo. Bumu lilikuwa limechelewa. Nikawaza kutoza elfu tano kwa kila laptopu, na nikajiambia kwamba nikiwafanyia huku wanaangalia watajifunza na biashara itakufa. Wa kwanza nilimfanyia nikiwa nimemgeuzia kioo mgongo. Elfu tano yake nilikula chipsi. Wiki ileile ndiyo niliyosoma kuhusu kile kitabu cha 1892, profesa mgonjwa, mwenye medali, anachapisha makosa yake kwa jina lake mwenyewe. Nikajiona mdogo. Mimi ndiye ninayesomea kazi ya kueleza watu.

Nimeziandika hatua zote kwenye daftari, pamoja na zile nilizokosea, na daftari linazunguka hosteli. Wa pili, wa tatu na wa nne wamejitengenezea wenyewe. Wa nne amekuta hatua yangu moja si ya lazima, ameikata kwa kalamu nyekundu na kuandika sababu pembeni. Yule wa kwanza nimemrudishia elfu mbili. Zilizobaki tatu nimemwambia asubiri bumu.